Theluji Haijishindilii

Novemba 8, Jumamosi

Leo tumeifungua njia. Reli iling'olewa zamani, na tangu hapo tuta lake lilikuwa mali ya kila mtu, maana yake halikuwa na mwenyewe. Sasa ni letu, Kamati ya Afya na Mazingira ya Portage-Cyr. Mimi Huguette Ouellette ndiye katibu, kwa kuwa wengine wote wanaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Tumemwaga changarawe, tumeweka mabenchi mawili na vizuizi vipya pembeni mwa daraja, na kila mwisho wa njia tumesimamisha bango: MARUFUKU VYOMBO VYA INJINI, WAKATI WOWOTE. Hayo maneno "wakati wowote" aliyaongeza Jean-Denis, mwenyekiti wetu. Ni mwalimu wa michezo, na alikuja kwenye sherehe amevaa suruali ya kubana katika baridi ile, miguu kama ya korongo.

Rosaire Levesque, rais wa klabu ya pikipiki za theluji, alisimama kando amekunja mikono. Nilimpelekea biskuti za karoti.

"Asante, mama katibu," akasema. "Meno yangu bado nayahitaji."

Yule bwana ana makelele kuliko mashine zake.

Utepe ulipokatwa, wa kwanza kuvuka daraja alikuwa kaka yangu Aurèle, na kusema kweli mimi niliingia kamati hii kwa ajili yake tu. Mwezi uliopita daktari alimnyang'anya leseni kwa sababu ya macho. Nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Kati yake na mkahawa wa Fernande, anakokunywa kahawa kila asubuhi na wazee wenzake tangu mimi ni bibi harusi, kuna barabara kuu ya malori ya magogo isiyo na mahali pa kuweka mguu. Au kuna daraja hili.

Binti yake Nadine anataka akaishi naye mjini Moncton. Chumba kiko tayari, mpaka mapazia ameshatundika. Alinipigia simu: "Shangazi, namwachia majira haya ya theluji. Nakuja siku yake ya kuzaliwa, mwisho wa Februari. Nikimkuta amejifungia ndani kama kuku anayeatamia, naondoka naye."

Siwezi kumlaumu, ni mtoto anayempenda baba yake. Lakini namjua Aurèle. Huko Moncton atakufa kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Novemba 12

Aurèle amefika kwa Fernande kwa miguu, mashavu mekundu kama ya mvulana. Ameagiza ploye za ziada, zile chapati zetu nyembamba za maji. Eti kutembea kunaleta njaa.

Novemba 19

Mkutano. Saa nzima tumezungumzia watu wanaoacha magari yakinguruma mbele ya posta wakati wanachukua barua. Gari la mweka hazina wetu lilikuwa nje muda wote huo, linanguruma, lisije likapoa.

Novemba 26

Mvua. Hakuna jipya.

Desemba 2

Theluji ya kwanza. Nzuri, kavu, ya kufagia kwa ufagio. Aurèle amekwenda na kurudi.

Desemba 7

Imeanguka mpaka magotini. Aurèle alifika kwa Fernande suruali imelowa hadi mapajani, na wenzake walikuwa wameshaondoka. Alikunywa kahawa peke yake. Fernande ndiye aliyenipigia kunieleza, Aurèle mwenyewe hasemi.

Desemba 9

Mkutano wa dharura. Lazima niuandike vizuri, nikizeeka nisije nikadhani niliota.

Jean-Denis aliuliza njia itasafishwaje. Mweka hazina akasema, "Si inakuwaga ngumu yenyewe? Miaka yote ukienda kule Januari unatembea kama sebuleni."

"Upepo," nikasema mimi. "Kwenye tuta kuna upepo, theluji inashikana."

Wote tukaitikia kwa vichwa. Upepo, ndiyo. Sote tumezaliwa hapa. Theluji tumeijua kabla ya kumjua padri.

Ndipo Jean-Denis akawa mweupe. "Mashine," akasema. "Ile mashine ya klabu. Rosaire alikuwa anaishindilia kwa ajili ya pikipiki zao."

Miaka yote ile tumelalamika vitandani kwamba kuna kitu kinanguruma kule kwenye tuta, na asubuhi tunakwenda kutembea juu ya kazi yake tunausifu upepo. Halafu tumemwekea bango. Tumejipalia makaa wenyewe, tena kwa sherehe na utepe.

"Basi tumwombe," nikasema.

"Hapana," akasema Jean-Denis. "Ikiingia mashine moja, pikipiki zote zitaifuata. Njia hii ni ya miguu. Tuna mikono, tuna makoleo."

Kwa ajabu ya kiburi, tulipiga kura na makoleo yakashinda. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Nilikuwa nazikumbuka zile biskuti.

Desemba 13

Koleo. Watu saba asubuhi, watatu mchana. Tumefika benchi la kwanza.

Desemba 15

Imeanguka tena. Benchi la kwanza halionekani.

Desemba 25

Krismasi kwangu. Nilikwenda kumchukua Aurèle kwa gari. Alikaa mbele, mikono mapajani, kama mzigo unaosubiri kupokelewa. Hakunyoa ndevu. Nadine alipopiga simu alimwambia kila kitu kizuri, njia nzuri, miguu mizuri. Akaniangalia upande niliokuwepo, nami nikafyata ulimi.

Januari 6

Nimegundua jambo. Nilitoka alfajiri kumpelekea Aurèle uji, na kwenye tuta nikaona taa ndogo inapanda na kushuka. Nikasimamisha gari mwisho wa njia, karibu na daraja. Alikuwa Jean-Denis, taa kwenye paji la uso, miguuni vile viatu vipana vya wavu, anakanyaga theluji hatua kwa hatua kutoka ng'ambo mpaka mjini, anageuka, anakanyaga tena. Baada ya hapo anakwenda kufundisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Mwaka Mpya. Usiwaambie kamati, watataka kuweka zamu, halafu hakuna atakayekuja."

Novemba nilimwita korongo ndani ya daftari hili. Leo nilitaka kumbusu. Aurèle, kumbe, alikuwa anajua. "Mwalimu ananichongea ngazi," aliniambia. "Ni nyembamba lakini inapitika."

Januari 9

Aurèle kwa Fernande. Amechelewa, lakini amefika.

Januari 14

Jean-Denis ana homa. Theluji inaanguka.

Januari 15

Bado inaanguka.

Januari 17, Jumamosi

Nitaandika kabla sijalala.

Saa nne asubuhi Fernande alipiga: "Huguette, kaka yako yuko kwako?" Hakuwa kwangu. Aurèle alikuwa amempigia Fernande kwamba anatoka, na hakutokea. Nyuzi ishirini chini ya sifuri, jua kali lisilopasha kitu joto.

Niliacha gari penye bango na kuingia njiani kwa miguu. Theluji ilinifika kiunoni. Mbele yangu hapakuwa na alama yoyote, nikajua yuko upande wa pili, hajafika katikati. Nilikwenda kama mtu anayeogelea kwenye unga. Nikamwita. Mara ya tatu akaitika, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeko jikoni.

"Niko hapa, dada. Nimekaa kwenye benchi lenu."

Alikuwa kweli kwenye benchi la pili, au juu yake, maana mgongo wa benchi tu ndio ulionekana. Alikuwa ametoka kwenye ngazi ya Jean-Denis bila kujua, akazama, akajivuta mpaka hapo. Kiatu kimoja kilikuwa kimejaa theluji. Glavu moja haikuwepo.

"Simama," nikamwambia.

"Ningeweza kusimama ungenikuta nakungoja?"

Nikamvuta. Sote wawili tukaanguka. Yeye akacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko kitu chochote, kwa sababu midomo haikuwa inafuatana nacho. Jean-Denis alikuwa kitandani, na hata angekuja, angekuja na nini? Nikapiga moyo konde nikampigia Rosaire.

"Rosaire, Aurèle amezama njiani, kwenye benchi la pili. Siwezi kumtoa."

Akakata simu bila neno. Nilidhani amenikatia kwa makusudi, nikamtukana kwa sauti, kaka yangu akasikia. Kisha nikasikia injini inatoka mjini. Ikakaribia. Ikazima. Amesimama penye bango.

"Huguette!" sauti yake ikaja juu ya theluji. "Bango linasema wakati wowote!"

"Rosaire, Mungu anakuona!"

"Anaona na bango! Nataka kumsikia katibu!"

"Pita!"

"Nini?"

"Pita, ng'ombe wewe! Mtu anakufa!"

Injini ikawaka kabla sijamaliza. Alipofika na kumwona Aurèle, uso wake ulibadilika mpaka nikamwonea huruma. Alivua glavu zake akamvalisha, akambeba kama mtoto akamweka kwenye kiti, akajifunga mikono ya Aurèle kiunoni mwake kwa skafu. Nami nilipanda nyuma kabisa. Katibu wa Kamati ya Afya na Mazingira, juu ya pikipiki ya theluji, nimemkumbatia kaka yangu, tunavuka daraja letu.

Nyumbani kwangu Rosaire alipiga magoti akamvua viatu, akazitia nyayo za Aurèle kwapani mwake, ndani ya shati, akakaa hivyo mpaka rangi ikarudi. Kidole kimoja kina mashaka, lakini muuguzi anasema kitapona.

"Sikujua ni vibaya vile," Rosaire aliniambia mlangoni, haniangalii. "Nilidhani amekwama tu. Nisingesimama pale."

Nikamrudishia glavu zake.

"Na nilijua tangu Novemba," akaendelea. "Nilijua hiyo njia haitapitika bila mashine. Nilikaa nyumbani nikisubiri mje mniombe. Kila theluji ilipoanguka nilifurahi. Mtu wa miaka sitini na tatu, Huguette."

"Na mimi niliinua mkono tusikuombe," nikasema. "Kunywa kahawa kwanza."

Januari 18

Aurèle amelala kutwa. Alipoamka alisema, "Mwambie Nadine nimepata mafua." Sijamwambia chochote.

Januari 21

Mkutano. Rosaire alikuja, amevua kofia, akakaa karibu na mlango. Nilisoma kumbukumbu, nikafunga daftari, nikawaambia yaliyotokea benchi la pili bila kupunguza hata neno "ng'ombe."

Jean-Denis bado anakohoa. Akasema anajua wote wanamwona mkaidi. "Lakini binti yangu ana pumu. Majira haya ndiyo mara ya kwanza amekwenda shule kwa miguu bila kusimama kutafuta pumzi. Kabla ya hapo pikipiki zilikuwa zinampita na moshi wake usoni. Bango lile niliandika nikimfikiria yeye."

Rosaire alikuna shingo. "Ungesema, mwalimu."

"Ungeuliza."

"Ah, sisi wawili," akasema Rosaire, "tungezaliwa bubu tungepatana zamani."

Basi wakapatana. Mashine ya kushindilia itapita baada ya kila theluji, watoto wakiwa darasani. Pikipiki zitapita kando ya mashamba, nyuma ya miti, na Rosaire mwenyewe atawafungia njia vijana wake wakorofi. Kura ilipopigwa mkono wa Jean-Denis uliinuka wa mwisho, lakini uliinuka.

"'Wakati wowote' niliandika mimi," akasema. "Nitafuta mimi."

"Nina sharti," Rosaire akasema. "Mara ya kwanza unapanda na mimi kwenye mashine."

Januari 23

Jean-Denis amepanda. Wanafunzi wanasema shuleni hakuzungumzia kitu kingine. Inaelekea Rosaire alimwachia usukani kuanzia darajani, na tuta lina kona moja ambayo sasa imenyooka kidogo.

Januari 29

Mguu wa Aurèle umepona. Ametembea hadi benchi la pili, na nyumbani.

Februari 4

Aurèle kwa Fernande! Amenyoa. Wenzake walimpigia meza kwa shangwe.

Februari 10

Leo nilitembea naye. Anakwenda kwa kasi kunishinda, mimi namfuata nikitweta, na nilitaka kujua siri. Mashine ikipita inaacha mistari midogo kwenye theluji, kama ya suruali ya kodrai, inakwenda sambamba na njia moja kwa moja.

"Miguu inaisikia," akasema. "Mistari ikiwa chini ya soli, niko katikati. Ikipotea na theluji ikalegea, nimekwenda pembeni, narudi. Sihitaji kuangalia."

"Kwani ukiangalia unaona nini?"

"Weupe, dada. Ukisimama mbele yangu naona kuna mtu. Uso sioni tena. Tangu Krismasi."

Nilisimama katikati ya daraja. Yeye akaendelea.

"Usimwambie Nadine," akasema bila kugeuka. "Nitamwambia mwenyewe, akishaniona nikitembea."

Februari 11

Sikulala vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi ninayo mawili, sikuona kitu tangu Krismasi. Alijua chumba kwangu, alijua kikombe kilipo, nami nikadhani ananiangalia.

Je, Nadine ana haki ya kujua? Anayo. Nimeinua simu mara mbili, nikaiweka.

Februari 18

Nimemweleza Rosaire. Alidhani mistari ile ni ya kupendeza tu, inashika mwanga vizuri. Jioni aliipitia njia tena kwa mashine, ingawa haikuwa imeanguka theluji.

Februari 25

Theluji usiku, mashine saa tatu asubuhi. Jean-Denis alikuwa ndani yake, shuleni wana likizo. Namsikia anapiga honi kila benchi.

Februari 27, Ijumaa

Nadine amefika leo, siku moja mapema, bila kusema. Alipita kwangu kwanza, koti la mjini, viatu vya mjini.

"Baba yuko wapi?"

"Saa hii? Yuko njiani anakuja kwa Fernande."

"Peke yake?" Akashika funguo za gari. Nikamwambia gari halifiki huko, twende tukampokee. Nilitaka amwone. Nilitaka pia kumwambia, na kila nilipofungua mdomo nilimeza maneno.

Tulifika darajani upande wetu. Tukamwona kwa mbali, kofia nyekundu, mikono inapiga mwendo, hana fimbo. Nadine alisimama katikati ya njia akaweka mkono kifuani. "Shangazi, mwangalie! Anatembea kama kijana!" Macho yalimjaa machozi ya furaha. Akabaki pale pale akitabasamu, amefungua mikono, anamngoja.

Aurèle alikuja moja kwa moja. Hatua tano mbele yake akapunguza mwendo, akainua kofia.

"Siku njema, mama," akasema. "Njia nzuri leo, au siyo?"

Akamzunguka taratibu, miguu ikatafuta mistari ikaipata, akaenda zake.

Mikono ya Nadine ilikuwa bado imefunguliwa. Nilitamani daraja litumeze. Aliponigeukia hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Haoni," akasema.

"Haoni uso. Tangu Krismasi."

"Na ulijua."

"Tangu tarehe kumi. Alitaka kukwambia mwenyewe."

"Basi imekwisha, shangazi. Kesho naondoka naye. Mtu haoni mwanawe, unamwacha avuke mto?"

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya katibu. Ikaniishia. Nilimwambia tu: "Fumba macho, mwanangu. Mfuate. Mistari iko chini ya miguu yako."

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu baba yake alikuwa anazidi kwenda mbali, akafumba. Hatua ya kwanza alipepesuka. Ya pili akaniomba mkono, sikumpa. Akaburuza soli, akasimama, akaburuza tena, na nikamwona usoni alipoisikia mistari. Akaenda. Mara moja alitoka pembeni, mguu ukazama, akajirudisha mwenyewe bila kufumbua. Nilikuwa nyuma yake nalia waziwazi, maana hapakuwa na mtu wa kuniona. Alifumbua macho pale tuta linapoishia, penye mlango wa nyuma wa mkahawa.

Ndani Aurèle alikuwa ameshakaa na wazee wake, ploye mbele yake. Rosaire na Jean-Denis walikuwa meza ya jirani wakibishana. Nadine hakumwendea baba yake. Aliwaendea wao.

"Na theluji ikiyeyuka?" akauliza. "Aprili? Mistari itakuwa wapi?"

"Kamba," akasema Jean-Denis, "ya kushika, kutoka kwake hadi hapa."

"Kamba ya nini, yeye ni mbuzi?" akasema Rosaire. "Changarawe ndogo katikati, kubwa pembeni. Mguu utasikia tu."

"Hiyo inataka kura."

"Basi piga, mwalimu, mkono si unao!"

Kwa kelele hizo Aurèle akainua kichwa. Alikuwa ameitambua sauti. Aliweka kikombe chini, akikitafutia kisosi kwa kidole.

"Nadine?"

"Ndiyo, baba. Yule mama uliyemsalimia darajani nilikuwa mimi."

Fernande aliacha kugeuza ploye. Kaka yangu alikaa akiangalia upande ule sauti ilikotoka, na nikaona aibu inampanda shingoni, ikafika masikioni, kisha ikashuka polepole.

"Nilidhani mgeni," akasema. "Wa hapa hawasimami katikati ya njia."

"Ningefanya nini, baba?"

"Ungesogea, mwanangu. Kidogo tu. Nipite."

Nadine alisimama pale na koti lake la mjini, viatu vimelowa. Kisha akavuta kiti akakaa ubavuni mwa baba yake, akachukua ploye kutoka sahani yake, akaila yote. Aurèle akampapasa kichwa, uso, pua, akakuta machozi na siagi, akayafuta yote kwa kitambaa kimoja.

Tumekula keki ya Aurèle siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Saa tisa Nadine aliondoka na gari lake kurudi Moncton, peke yake.